Annyeong: salamu ya Wakorea ilikotoka, na nani anapewa ipi

Msomaji wa Morogoro ananiuliza: "Nimeanza kujifunza Kikorea kupitia tamthilia, na sasa nina mwalimu Mkorea tunayekutana kwa simu ya video. Neno la kwanza nililolishika ni annyeong, maana kwenye tamthilia watu wakikutana wanasema annyeong, wakiachana wanasema annyeong. Nilipomwambia mwalimu hivyo alitabasamu, kisha akanirudishia polepole: annyeonghaseyo. Neno hili limetoka wapi? Inakuwaje linafaa kukutana na kuagana? Na mimi nilikosea wapi?"

Dada, ulichomwambia mwalimu kina maana nzuri kabisa, ila kilikosa mkia, na kwa Kikorea heshima hukaa mkiani. Tutafika huko. Tuanze na kichwa cha neno, kwa sababu ukikielewa, hayo mengine yatajieleza yenyewe.

Annyeong, ambalo Wakorea huliandika 안녕, ni nomino. Maana yake ni amani, utulivu, hali ya mtu au nchi kukaa salama bila misukosuko. Limetokana na Kichina na limeundwa kwa herufi mbili: 安, inayosomwa an kwa Kikorea, na 寧, inayosomwa nyeong. Ichunguze ile ya kwanza: juu kuna paa, chini ya paa kuna alama ya mwanamke. Ya pili nayo ina paa, na chini yake utaona alama ya moyo na alama ya chombo. Watu wamezifasiri picha hizo kwa namna nyingi, lakini paa limo katika zote mbili, na maana zake zinakaribiana sana: ya kwanza ni usalama, ya pili ni utulivu.

Herufi hizi zimefuatana tangu zamani mno. Katika Shijing, mkusanyo wa mashairi ya kale ya Kichina uliokamilika zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, kuna shairi kuhusu ndugu wa damu linalotaja wakati ambapo vifo na ghasia vimekwisha, na watu wamepata an wakapata na ning, kama Wachina wanavyoitamka 寧 leo. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lina kivuli cha balaa nyuma yake. Ni amani ya mtu anayejua vurugu zinafananaje.

Korea ililipokea kwa njia ya maandishi. Kwa karne nyingi wasomi wa Kikorea waliandika kwa Kichina cha kale. Mitihani ya kuingia katika utumishi wa serikali ilifanywa kwa Kichina hicho, na hata baada ya Mfalme Sejong kutangaza herufi za Kikorea mwaka 1446, wakubwa waliendelea kuandika kwa herufi za Kichina hadi mwishoni mwa karne ya 19. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi za Kikorea yana asili hiyo. Sisi wenye Kiswahili tunaielewa hali hii bila maelezo marefu: hata "salamu" na "salama" tumeyapata kutoka Kiarabu, yakaenea mpaka yakawa yetu.

Hapa pana jambo linalonivutia kila ninapolifundisha neno hili. Majirani nao wanalo, lakini hawasalimiani kwalo. Wavietinamu husema an ninh, kwa herufi hizo hizo mbili, na kwao maana yake ni usalama, ule wa polisi na wa taifa. Wajapani husoma annei, na neno hilo limo katika Katiba yao ya mwaka 1889, palipoelezwa kwamba raia ana uhuru wa dini mradi asivuruge amani na utaratibu. Wachina wenyewe wana anning, utulivu wa mahali au wa moyo. Ukimwambia mtu wa Beijing "anning" ukitaraji akuitikie, atabaki anakutazama. Kati ya wote hawa, Wakorea ndio waliolichukua neno la watunga sheria na la washairi wakalifanya la kuulizana mlangoni.

Hata hivyo maana yake ya kiserikali haijapotea huko Korea. Kifungu cha 77 cha Katiba ya Korea Kusini kinampa rais mamlaka ya kutangaza utawala wa kijeshi wakati wa vita au hali ya hatari inayolingana na vita, pale inapobidi kulinda gonggong-ui annyeong jilseo, yaani amani na utaratibu wa umma. Rais Yoon Suk-yeol alipotangaza utawala huo usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, na Bunge likaupinga kwa kura saa chache baadaye, kifungu kilichokuwa midomoni mwa wanasheria wote kilikuwa na ndani yake neno lile lile ambalo watoto wa shule za awali huimbiana asubuhi.

Ukishaijua herufi 安 utaanza kuikuta kila mahali. Anjeon ni usalama, na utaliona limeandikwa kwenye vituo vya treni na kwenye maeneo ya ujenzi. Bulan ni wasiwasi: bul ni kikanushi, kwa hiyo ni kukosa amani. Mian, lile la mianhaeyo unalolisikia mtu akiomba radhi, limeundwa kwa "bado" na "amani", kana kwamba anayeomba radhi anasema moyo wake haujatulia. Anbu ni hali ya mtu, kwa maana ya kuulizia kama ana amani au hana; Mkorea akikwambia "anbu jeonhae juseyo" anakuagiza unisalimie fulani. Na ile 寧 imejificha katika jina la Yongbyon, mji wa Korea Kaskazini unaotajwa kila zikitangazwa habari za nyuklia. Kusini herufi hiyo ikiwa mwanzoni mwa neno hupoteza sauti yake ya kwanza ikasomwa yeong. Kaskazini huibakiza nyeong hata mwanzoni.

Matamshi hayatakusumbua kama yanavyowasumbua wengine. Hiyo "ny" ni ya nyumba, na ile "ng" ya mwisho ni ng' ya ng'ombe, isipokuwa hapa haifuatwi na irabu. Angalia maandishi: duara la juu kushoto katika 안 halina sauti yoyote, linashika tu nafasi ya konsonanti, na duara lile lile likiwa chini katika 녕 ndilo ng'. Kinachohitaji mazoezi ni irabu iliyoandikwa "eo". Fungua mdomo kama unayetaka kusema "a", kisha sema "o" bila kuikunja midomo. Kisha hakikisha n zote mbili zinasikika: an, nyeong.

Sasa mkia. Kutokana na nomino annyeong, Kikorea hupata annyeonghada, yaani kuwa na amani, kuwa salama. Ukitaka kumuuliza mtu kwa heshima kama yuko hivyo, unaingiza kiambishi -si-, ambacho humkweza unayemzungumzia, halafu unamalizia kwa -eoyo ya adabu. Vikiungana vinakuwa -seyo. Kwa hiyo annyeonghaseyo kwa sarufi yake ni swali: je, u salama? Wakizidisha urasmi husema annyeonghasimnikka, na hapo ndipo utamsikia mtangazaji wa taarifa ya habari, mhudumu wa hoteli kubwa, au mtu anayesimama kutoa hotuba mbele ya wageni.

Ni swali kwa umbo, ila hakuna anayelijibu kwa kueleza hali yake. Unarudishiwa lile lile: "Ne, annyeonghaseyo." Ukianza kusimulia mafua yako utamshangaza mwenzio. Hapa Kikorea na Kiswahili vimekutana bila kujuana, kwani "hujambo" nayo kwa asili inauliza kama huna jambo, huna lililokusibu, na jibu lake limeshapangwa. Lugha zote mbili zimechagua kumuuliza mtu kama yuko salama, pasipo kumtakia asubuhi njema au jioni njema. Annyeonghaseyo inafaa alfajiri, mchana na usiku. Ukikuta mtu anasema "joeun achim", asubuhi njema, hiyo ni tafsiri ya salamu ya Kizungu. Inaeleweka na wapo wanaoitumia kazini, lakini haina mizizi mirefu.

Basi ulipomwambia mwalimu "annyeong" ulimpa nomino tupu. Umeondoa -si- inayomkweza na umeondoa -yo ya adabu, amebaki na "amani" peke yake, kama anavyoambiwa mtoto mdogo au rafiki wa rika lako. Wakorea huiita lugha hiyo banmal, na wanaihesabu kwa uangalifu mkubwa. Tofauti ya mwaka mmoja wa kuzaliwa inatosha kubadilisha namna wanafunzi wawili wanavyosemezana, mpaka pale mkubwa atakapomruhusu mdogo alegeze. Kwa mizani yetu, ni kama kumpokea mwalimu kwa "mambo" badala ya "shikamoo". Alitabasamu kwa kuwa anajua wewe ni mgeni wa lugha. Mwanafunzi wa Kikorea asingetabasamiwa.

Lakini usivute mlinganisho wa shikamoo mbali sana. Shikamoo inakwenda upande mmoja: mdogo anaitoa, mkubwa anaitikia marahaba. Annyeonghaseyo inakwenda pande zote. Mwalimu akimwambia mwanafunzi mtu mzima annyeonghaseyo hajajishusha, na mwenye duka wa miaka 60 humwambia hivyo mteja wa miaka 20. Na mtu mzima usiyemjua, hata ukimwona kwa macho ni mdogo kwako, mpe annyeonghaseyo. Wageni wengi hudhani kwamba umri peke yake unatosha kuhalalisha annyeong fupi. Hautoshi. Lazima pia kuwe na ukaribu, au awe mtoto kweli.

Kuagana ndiko kunakowachanganya wanafunzi, na ndiko ninakokupenda zaidi, kwa sababu huko maana ya amani inaonekana waziwazi. Kutokana na annyeong hupatikana kielezi annyeonghi, kwa amani, kwa usalama. Kisha unachagua kitenzi. Anayeondoka unamwambia annyeonghi gaseyo, nenda salama. Anayebaki unamwambia annyeonghi gyeseyo, kaa salama. Mzizi ga- ni kwenda. Gye- ni kuwapo mahali, kwa umbo la heshima.

Chukua duka dogo la mtaani Seoul, yale ya pyeonuijeom yanayokesha. Unaingia, muuzaji anasema "eoseo oseyo", karibu. Unalipa, unageuka. Wewe unayetoka unamwambia "annyeonghi gyeseyo" kwa kuwa yeye anabaki. Yeye anakwambia "annyeonghi gaseyo" kwa kuwa wewe unakwenda. Wateja wengi huongeza au huweka mahali pake "sugohaseyo", ambayo inakaribia "kazi njema" yetu. Mkiwa mmekutana njiani na kila mmoja anakwenda zake, nyote mnasema gaseyo, hakuna anayebaki. Shida ya sikio ni kwamba gye- siku hizi hutamkwa kama ge-, hivyo kinachotofautisha ni gaseyo na geseyo, na katika mazungumzo ya haraka ile h ya annyeonghi nayo inafifia. Usijaribu kukamata silabi yenyewe kwenye tamthilia. Angalia nani anashika mlango.

Na usiku je? Mtoto anayekwenda kulala huwaambia wazazi "annyeonghi jumuseyo", ambapo jumu- ni kulala kwa umbo la heshima. Ni lala salama yetu, neno kwa neno. Kukicha anawauliza "annyeonghi jumusyeosseoyo?", mmelala salama? Wazazi wao humwambia mtoto "jal ja", lala vizuri, bila annyeong na bila heshima. Wako Wakorea watakaokueleza kwamba salamu yote hii imezaliwa na miaka ya vita na njaa, watu walipokuwa wakiamka na kuhakikisha kama jirani amesalimika usiku. Ni masimulizi yanayoshika moyo, lakini neno limetangulia vita hivyo kwa karne nyingi, na adabu ya kuamkia wakubwa ili kujua wamelalaje, iitwayo munan, ilikuwa ya kila siku katika nyumba za watu wenye hadhi na katika jumba la mfalme enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Njaa imeacha alama yake kwenye salamu nyingine, ile ya "bap meogeosseoyo?", umekula wali? Hiyo nayo hutaraji kujibiwa tu kwamba nimekula.

Sasa swali lako la kati, kwamba annyeong moja inawezaje kufaa kukutana na kuachana. Nadhani umeshaona. Kila moja ya salamu hizi ndefu ina mkia wake: u salama, nenda salama, kaa salama, lala salama. Marafiki na watoto wanapoondoa mkia kwa sababu hawana haja ya heshima, kinachobaki ni kile kichwa cha pamoja, annyeong. Mkono unaopungwa, na kama mtu anakuja au anakwenda, ndivyo vinavyoeleza iliyobaki. Katika nyimbo na tamthilia utakuta pia annyeong ya kuachana moja kwa moja, mtu "anampa annyeong" mpenzi wake au ujana wake. Hiyo ni kwaheri ya mwisho, na sauti ndiyo itakayokujulisha.

Mara moja katika miaka ya karibuni Wakorea walilazimika kulisikia upya neno ambalo walikuwa wanalitamka bila kufikiri. Desemba 2013, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Korea jijini Seoul alibandika chuoni karatasi kubwa aliyoiandika kwa mkono. Wakati huo wafanyakazi wa reli walikuwa kwenye mgomo na maelfu yao walikuwa wamesimamishwa kazi. Karatasi ilitaja hayo na mengine, kisha ikawauliza wanafunzi wenzake: "Annyeongdeul hasimnikka?" Je, nyinyi m salama? Hamna neno kweli, mkiyanyamazia haya? Ndani ya siku chache vyuo vingine vilijaa karatasi za majibu, nyingi zikisema kwamba hapana, sina annyeong. Nguvu ya swali ilitokana na kulichukua kama lilivyoandikwa, kulijibu kweli.

Tazama pia ile -deul katikati. Ni alama ya wingi, na ameipachika kwenye annyeong ili ijulikane kwamba wanaoulizwa ni wengi. Mkorea hana haja nayo katika salamu ya kila siku, annyeonghaseyo inamtosha mtu mmoja na ukumbi mzima. Ndiyo maana ilipowekwa iligonga. Kwa Kiswahili tofauti ya hujambo na hamjambo ni lazima. Kwao ni uamuzi.

Nikupe na tahadhari chache za matumizi, maana tamthilia hazizielezi. Ukimwona mtu yule yule mara ya tatu kazini siku hiyo hiyo, kuinamisha kichwa kidogo kunatosha. Kurudia annyeonghaseyo kila mkipishana kunachosha. Msibani usiwaambie wafiwa annyeonghaseyo. Unamuulizaje kama yu salama mtu aliyefiwa? Huko huinamishwa kichwa, na kukaa kimya ni adabu inayokubalika. Simu ya kawaida hupokelewa kwa yeoboseyo, ambayo asili yake ni "tazama hapa". Annyeonghaseyo inafuata baada ya kujua ni nani. Na mwili usiusahau: annyeonghaseyo bila kuinama hata kidogo, mikono ikiwa mfukoni, inasikika kama annyeong iliyokatwa.

Kuhusu tahajia, ukikutana na annyeong, annyŏng na anyong katika vitabu tofauti, ni neno moja. Ya kwanza inafuata utaratibu ambao serikali ya Korea Kusini iliutangaza mwaka 2000, ya pili ni ya utaratibu wa mwaka 1937 ambao wasomi wengi bado wanautumia, na ya tatu ni ya watu wanaoandika wanavyosikia. Jifunze 안녕 mapema, herufi za Kikorea hazichukui muda mrefu.

Somo lako lijalo, mwalimu akitokea kwenye skrini, inama kidogo na umwambie "Seonsaengnim, annyeonghaseyo." Seonsaengnim ni mwalimu, na -nim yake nayo ni ya heshima. Mkimaliza, kwa kuwa kila mmoja anabaki alipo, mwambie "annyeonghi gyeseyo", naye huenda akakujibu hivyo hivyo. Kabla yake tanguliza "gamsahamnida", asante, kisha subiri yeye akate kwanza.